Pindo Katikati

Mume wangu alikata nguo zangu akiwa amekaa. Hilo liliniuma kabla ya mengine yote. Mtu mwenye hasira husimama, huvunja vyombo, hupiga kelele hadi majirani wakachungulia dirishani, na mtu wa namna hiyo namwelewa kwa sababu nami ni mmoja wao. Yeye alikuwa ametandika mkeka katikati ya chumba, amelivuta sanduku langu la bati hadi magotini, na kwa kisu cha jikoni anakata kanga moja baada ya nyingine kama anayekata mchicha. Redio ilikuwa inaongea. Nilipoingia na ndoo ya maji, alikuwa ameshafika nusu ya sanduku.

Kosa langu lilikuwa kwamba nilivuka kwenda Kisiwani kumuuguza mama yangu, nikakaa huko siku nne. Ruhusa niliiomba mara tatu. Mara zote tatu alinyamaza akaendelea kula, nami nikachukulia kunyamaza kwake kuwa ni ndiyo. Tulikuwa tunakaa Masoko, karibu na pale anapotengeneza injini za boti, na saa yoyote angeweza kupanda boti moja kati ya hizo hizo akaja kuniona nimekaa na mgonjwa. Hakuja. Alinisubiri nirudi, akaniacha siku nzima nipike na nifue, kesho yake akachukua kisu.

"Sasa tuone utatoka na nini," aliniambia bila kuinua uso.

Kanga za kawaida ningezililia na yakaisha. Lakini chini ya goti lake niliona wekundu ninaoujua tangu sijaota meno. Kilikuwa kisutu cha mama.

Kisutu ni kanga ya zamani, nyekundu, nyeupe na nyeusi, na wengi wanaijua kwa mambo ya harusi. Hiki cha kwetu kilikuwa doti nzima, vipande viwili ambavyo havijawahi kutenganishwa, wala hakuna aliyewahi kukivaa. Kwetu mwanamke anapozikwa, wanaume wanne hushika nguo kwa pembe zake juu ya kaburi, na mwili hushushwa chini ya nguo hiyo pasipo jicho la mtu kuuona. Bibi yangu alishushwa chini ya kisutu kile. Mama alinikabidhi siku ya harusi yangu, kwa kuwa mimi ndiye binti mkubwa, na maneno yake yalikuwa machache: "Kitunze. Siku yangu kije." Wakati mume wangu anakikata, mama alikuwa amelala Kisiwani, hawezi hata kugeuka upande bila kushikwa.

Sikupiga kelele. Niliitua ndoo taratibu, nikakumbuka hata kuifunika, nikaenda uani nikachukua mchi wa kinu, nikarudi nikampiga nao begani kwa nguvu zangu zote. Nilisikia mfupa ukilia. Ulikuwa mtulinga, ule mfupa unaotoka chini ya shingo kwenda begani, na nasema kweli, sauti ile ilinipendeza. Nikanyanyua mchi mara ya pili, nikilenga kichwa. Aliniwahi kwa mkono uliobaki mzima, akanipiga ngumi ya mdomo, nikaangukia sanduku na kutema jino juu ya nguo zangu mwenyewe. Majirani walipoingia tulikuwa tunagaragara sakafuni, mimi nimemng'ata sikio na sitaki kuachia. Walinibana pua ndipo nikafungua mdomo.

Yeye walimpeleka hospitali. Mimi nilikataa kwenda. Nilipiga magoti nikaokota kila kipande, hata vile vyembamba kama kidole, nikavishindilia kwenye kiroba cha unga. Vipande vingine vya kisutu sikuviona. Nilivikuta uani, kwenye jiko la mkaa alikovitupa kabla sijarudi na maji, vimeshakuwa majivu.

Kwa mama sikuweza kwenda na kiroba kile. Nilikwenda nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikopanga mama mmoja wa Kimakonde, Mkristo, mjane, fundi cherehani. Miaka sita nilikuwa nampita pale barazani kwake na kumwamkia kwa midomo tu. Sisi watu wa pwani tuna kiburi chetu, hasa tusio na kitu. Chai yake nilikuwa sijawahi kuinywa, eti kwa kuogopa sufuria zake, huenda zimepikiwa nguruwe. Siku ile niliingia kwake na damu mpaka kifuani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, akanitazama toka juu hadi chini. "Umemuua?"

"Sijamuua."

"Basi kaa nikuoshe."

Nilikaa. Nilikaa pale karibu miezi miwili, na chai yake niliinywa tangu jioni ya kwanza, kwa upande wa mdomo uliokuwa haujavimba.

Siku ya tatu dada yangu alipiga simu kutoka Kisiwani. Dada yangu hajui salamu ndefu. "Mama anakiulizia kisutu. Kipo?"

"Kipo."

"Basi ukija uje nacho. Asubuhi anauliza, mchana anauliza. Nimechoka kujibu."

"Nitakuja nacho," nikasema, na jeraha la mdomoni likafunguka nikameza damu.

Nilikimwaga kiroba miguuni kwa fundi. Nikamweleza kwamba ni nguo ya kumzikia mama, nikamwambia namtaka akiunge kisutu kirudi kama kilivyokuwa. Alichuchumaa akavigeuza vile vipande kimoja kimoja, akavinusa, akaviweka chini.

"Hiki hakirudi," alisema. "Kuunga naweza kukufundisha. Kukirudisha siwezi, wala hakuna anayeweza."

Nyuma ya cherehani yake kulikuwa na rundo la mabaki ya vitenge, mashati, mashuka, sare za shule, hata vitambaa vya makochi. Nguo za watu zikishashonwa, yeye hubaki na pembe na vijipande ambavyo mafundi wengine huvifagia. Yeye alivifanya shuka za kitanda na nguo za kubebea watoto, na hakuna hata moja iliyofanana na nyingine. Alianza akiwa hana kitambaa kizima cha kumfunika mtoto wake wa kwanza, huko kwao juu kwenye nyanda. Nilikuwa nimewahi kuziona zikianikwa pale nje, nikamcheka nyumbani kwangu, nikasema Mmakonde anashona kama aliyelewa.

Sikumsikiliza. Nilitaka cha mama. Juma zima nilitambaa sakafuni kwake nikipanga vipande kama vilivyokuwa, pindo nje pande zote nne, mji, ile sehemu ya kati, ndani. Mtu yeyote wa kwetu angefanya hivyo hivyo. Kanga ni pindo lake, ule mpaka unaozunguka nguo, na kanga isiyo na pindo nje kwetu ni kitambaa cha kudekia. Lakini pindo jingi lilikuwa limeungua jikoni. Nilichokuwa nacho nilikivuta, nikakipinda, nikakiunga hata pasipofika. Mume wangu alikuwa amekata ovyo, ncha zinachanika, na kila nikikunja ncha ili uzi ushike nguo inazidi kuwa ndogo. Nikamaliza kitu chekundu kilichojikunja kama ngozi ya mbuzi iliyokaushwa vibaya. Nikamwonyesha fundi kwa fahari.

"Shika pembe zako mbili," akasema. Akashika mbili za kwake. "Vuta."

Tulivuta. Ikachanika katikati kwa mlio mrefu, toka mwanzo hadi mwisho, na fundi akabaki ananitazama kupitia ule mpasuko.

"Hapo ndipo mama yako angeonekana," akasema.

Nilimtukana. Nilimtukana yeye na kabila lake na cherehani yake. Mkasi wake mkubwa ulikuwa umefungwa kwa kamba kwenye mguu wa cherehani tangu siku niliyoingia. Nilikuwa nimedhani ni kwa ajili ya wezi, kumbe ni kwa ajili yangu, maana alishaona jicho langu linavyoufuata kila mume wangu akipita barabarani na mkono wake kwenye bendeji. Mimi alikuwa ananipa wembe wa kukatia nyuzi, basi. Sasa akafungua kamba, akaokota kipande kikubwa kuliko vyote, kipande pekee ambacho kisu hakikukipitia katikati, akakikata vipande viwili mbele ya macho yangu.

Nilimpiga kofi. Mwanamke anayelingana na mama yangu, aliyeniosha damu, nilimpiga kofi mpaka kilemba chake kikaanguka. Aliweka mkasi mezani, akakiokota kilemba, akakikung'uta vumbi, akanirudishia kofi langu. Lake lilikuwa zito mara tatu. Lilinipeleka hadi ukutani, sikio likawa linapiga mluzi.

"Wewe unataka kipande hiki kiwe kizima kwa nini?" akaniuliza, anahema. "Kwa sababu yeye hakukifikia? Basi ndiye anayekupangia. Yeye kakata huku, wewe unalinda kule. Ukikata mwenyewe, hapo nguo inakuwa yako."

Nililia siku ile kwa mara ya kwanza tangu ngumi. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kwamba nimemwelewa.

Kesho yake alinipa mkasi mkononi, mpini ukielekea kwangu, akageuka akanipa mgongo kuchochea mkaa wa pasi. Nadhani alinipima. Nami nadhani nilipimika, kwa sababu nilisimama kidogo na chuma kile kizito kabla sijakaa.

Alinifundisha kwa mabaki yake kwanza. Unaokota vipande viwili bila kuchagua. Unalaza kimoja juu ya kingine, unapitisha mkasi mara moja katikati yao, mstari wowote mkono unaotaka, bila chaki na bila futi. Unabadilishana nusu, unaziunga, unapiga pasi. Halafu, na hapa ndipo nilipokuwa nashindwa kabisa, ukishamaliza kuunga na moyo umetulia, unakata tena. Unakikata kile ulichokiunga sasa hivi, kukingama, unageuza, unaunga tena. Kila ukikata, mshono wa kwanza unabanwa na wa pili, na wa pili na wa tatu, hadi hakuna njia ndefu iliyonyooka ambayo mpasuko unaweza kuipita.

"Usipime," alikuwa ananiambia kila nikinyoosha shingo kutafuta futi. "Ukipima unatafuta ile ya zamani."

Nilijifunza upesi kuliko alivyotarajia, na sababu yake si nzuri. Nilipenda kukata. Mkasi ulipokuwa unapita kwenye kitambaa na ule mlio wake mkavu, nilikuwa naona shingo. Nilikata shati la mtu nisiyemjua nikaona shingo ya mume wangu, nikakata pazia nikaiona tena. Nilikuwa natoka jasho. Siku moja fundi alisimamisha cherehani akaniuliza, "We mama, unakata nguo au unakata mtu?"

"Mtu."

"Basi mmalize upesi, mkasi wangu unaisha makali."

Nilicheka, lakini usiku huo sikupata usingizi vizuri, maana nilikuwa nimejua jambo ambalo sikutaka kulijua. Nilijua kwa nini alikata akiwa amekaa. Kuna utamu katika kukata taratibu kitu ambacho mtu mwingine anakipenda. Mimi nilikuwa nauonja kila siku pale barazani, na tofauti yangu na yeye ilikuwa kwamba jioni nilitakiwa kuunga.

Dada yangu aliendelea kupiga. Mama hali tena ugali. Mama sasa anakunywa uji tu. Mama anauliza. Kila simu ilipolia mkono ulikuwa unakwenda upogo, na fundi anasema acha uende, unga hivyo hivyo.

Tulipofika kwenye kisutu chenyewe, nilikata mimi. Nilikata vyote. Pindo lililobaki fundi alilikusanya pembeni, na nilipoanza kulipanga nje, alinipiga kibao cha mkono.

"Kwa nini nje?"

"Pindo linakaa nje, mama."

"Nani kasema?" Akalivuta kwa mikono miwili, mbele ya pua yangu. "Tazama ukingo huu, umefumwa kiwandani, hauchaniki. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na nyinyi mnaiweka nje ikapigwe upepo. Uzito wa nguo ikishikwa hewani uko wapi? Uko katikati. Weka ugumu kwenye uzito."

Mimi, binti wa watu waliovaa kanga vizazi na vizazi, sikuwa nimewahi kufikiri hivyo. Nililiunga pindo katikati, likakatiza kutoka upande hadi upande, limevunjika na kuungwa mara saba au nane, lakini limefika. Pande zote mbili nikajaza mji wa kisutu, na ulipoisha nikaongeza kanga zangu nyingine zilizokatwa, na zilipoisha nazo nikaingia kwenye rundo la fundi. Nilitoa kitambaa cha zambarau, kigumu, kizuri.

"Hiki kilikuwa cha nini?"

"Sare ya kwaya," akasema, akatazama chini kidogo.

Nilikigeuza mara mbili. Kisha nikakiunga. Kilikuwa na nguvu, na mama yangu nilikuwa namtakia nguvu.

Chini yake tuliweka bitana ya marekani, ile nguo nyeupe nzito isiyo na ua, na juma zima nilipita na sindano ya mkono, bandi juu ya bandi, mistari imekaribiana kwa upana wa kidole, nikizishika nguo zote mbili pamoja. Vidole vyangu vilitoboka mpaka nikawa nashika kikombe kwa viganja. Siku tuliyomaliza, fundi alichukua pasi yake ya mkaa, ya chuma, akaiweka katikati ya nguo. Tukashika pembe, tukainua. Ikabeba. Akaniambia niirushe. Tukairusha pasi juu kama mara tano, ikaanguka na nguo ikaidaka, na hakuna uzi uliolia.

Nilivuka asubuhi iliyofuata. Mama alikuwa amebaki macho na mifupa, na macho yenyewe yalikuwa yameshaingia ukungu, haoni ila mwanga. Dada yangu aliiona nguo nilipoifungua, akafungua mdomo ili anitukane. Nilimtazama. Akaufunga.

"Nimekuja nacho, mama."

Niliiweka kifuani kwake. Vidole vyake vilikwenda moja kwa moja kwenye ukingo kutafuta pindo, kama vidole vya yeyote wa kwetu. Havikulipata. Vikaanza kutembea. Vilipita mshono wa kwanza, wa pili, vikasimama, vikarudi, vikatembea tena, na nilikuwa naviangalia kama mtu anayesubiri kiboko.

"Pindo liko wapi?"

"Katikati, mama."

Akalifikia. Akakaa nalo muda mrefu. "Kaunga nani?"

"Mimi. Kuna mama mmoja kanifundisha."

"Na kakata nani?"

Mkono wake uliiacha nguo, ukapanda usoni kwangu, ukapapasa midomo, na kidole chake kikavu kikaingia kwenye pengo la jino langu. Kikabaki pale. Mama yangu hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa mtu wa kukumbuka.

"Siku yangu," akasema, "huyo ashike pembe. Upande wa kichwa changu. Mwambie mjomba wako nimesema mimi."

Nilielewa anachotaka. Alitaka mume wangu asimame pale mbele ya wanaume wote wa kisiwani, na kila mshono aliousababisha uwe chini ya pua yake. Nilifurahi, na ilikuwa furaha mbaya, ya tumboni. Talaka alikuwa hajanipa, kwa hiyo bado alikuwa mkwe, na mkwe hawezi kukataa. Nilimwambia mjomba siku hiyo hiyo, kabla mama hajabadili nia.

Hakubadili. Alifariki siku ya tano tangu nifike, asubuhi, dada yangu akiwa anampa maji kwa kijiko.

Mume wangu alivuka na watu wa Masoko, amevaa kanzu. Fundi naye alivuka, amejifunga kitambaa kichwani kwa namna yetu, hajui aseme nini kwa Kiislamu, akaenda uani moja kwa moja kumenya vitunguu vya watu wa msiba. Mimi nilikuwa mlangoni. Niliona mjomba anaitoa nguo na kumwita mume wangu kwa kidole, na kumpa pembe aishike tangu pale nje, watu wanaona. Niliona anaitazama nguo. Niliona bega lake la kulia, lile nililolivunja, limeunga vibaya, liko chini kuliko la pili kama ubao uliopigwa msumari mmoja. Moyoni nikasema: tetemeka. Nikasema: wakuone. Kisha wakamchukua mama, wakaenda naye, na sisi wanawake tukabaki, kwa sababu kwetu wanawake hawaendi makaburini.

Walikawia. Walikawia hadi wazee wakaanza kuulizana. Mjomba aliporudi aliniita nyuma ya nyumba, nguo imekunjwa chini ya kwapa lake, ina mchanga.

"Mwanandani ulikuwa mfupi," akasema. Mwanandani ni ile nafasi inayochimbwa ubavuni mwa kaburi, ambamo mwili hulazwa. "Mama yako alikuwa ameshashushwa. Ikabidi waliomo ndani wachimbe tena, naye amelala pale, sisi tumeshika nguo juu. Muda mrefu. Mumeo mkono ule haupandi kupita kifua. Aliupandisha. Ukaanza kutikisika."

Nasema kweli, nilitabasamu. Mjomba aliliona tabasamu langu.

"Halafu pembe ikashuka," akasema. "Upande wa kichwani. Ilishuka, mwanangu."

"Mlimwona?"

"Tuligeuza nyuso. Lakini ilishuka."

Mama yangu aliyekaa na kisutu miaka yote hiyo kwa ajili ya dakika ile, ambaye vidole vyangu vilitoboka kwa ajili yake, alifunuliwa. Na hakuna kisu kilichofanya hivyo, wala mshono. Mkono ule niliuvunja mimi, kwa mchi, kwa furaha, na mama na mimi tukamweka mwenye mkono ule kichwani kwake ili tumkomeshe. Nikakaa chini mchangani.

"Na mishono?" nikauliza, maana sikuwa na swali jingine.

"Mishono haikuachia hata mmoja. Yeye alipiga magoti pale ukingoni, akaikamata pembe kwa meno, akaivuta ikanyooka. Tukamwambia aachie ashike mwingine, akatikisa kichwa. Amekaa hivyo mpaka mwanandani ukafunikwa."

"Alikuwa analia?"

"Mtu amebana nguo kwa meno utajuaje?"

Alinipa nguo akaondoka. Niliifungua. Kwenye pembe moja kulikuwa na unyevu na alama za meno, zimeingia mpaka kwenye bitana. Nilipoinua uso, mume wangu amesimama hatua chache kutoka nilipokaa, magoti ya kanzu yake yana udongo mwekundu, ameushika mkono mbovu kwa mkono mzima.

"Sikujua ni kile," akasema. "Sikujua kama ni cha kaburi."

"Ungejua?"

Alinyamaza. Nilisubiri. Nilimpa muda mrefu kuliko aliowahi kunipa yeye, na hakusema kitu, na safari hii sikuchukulia kunyamaza kwake kuwa ni ndiyo.

Talaka aliniletea mwenyewe baada ya siku arobaini, amesindikizwa na mzee mmoja. Hatukugusana, hatukutukanana. Mkono ule mpaka leo haupandi. Kama kuna injini iliyopachikwa juu humwita mtu amsaidie, nami nikipita huangalia pembeni. Ningependa kusema nimetubu sawasawa. Kuna siku nimetubu, na kuna siku ulimi wangu unaingia kwenye pengo la jino nasikia tena ule mfupa ukilia, na sauti bado ni tamu.

Sasa nina kiti changu pale barazani kwa fundi. Juma lile la talaka nilimwomba mkasi, nikaikata ile pembe yenye meno. Alidhani nataka kuitupa. Niliilaza juu ya pindo, nikapitisha mkasi, nikageuza, nikaiunga katikati, alama za meno zikiwa juu zionekane. Pembeni nikaweka pembe mpya ya ile zambarau ya kwaya, iliyo ngumu. Nguo iko sandukuni kwangu, na nimeshamwambia dada yangu: siku yangu ikifika, pembe hizo wape watu wenye mikono miwili mizima, na usichague mtu kwa ajili ya kumkomesha.